Bastola ya zamani: springi kwanza, urembo baadaye
Ndugu uliyeuliza uanzie wapi na Browning Hi-Power kuukuu uliyoinunua kihalali, toa magazini (kasha la risasi) na ukague chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho. Bastola hii iliundwa isifyatuke bila magazini, lakini usiutegemee utaratibu huo. Kisha mwombe fundi wa silaha mwenye leseni abadilishe springi ya slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapofyatuliwa) na za magazini, kwa kuwa springi zilizotumika miaka mingi huchoka. Kwa unyevu wetu huu wa Mwanza, paka mafuta mepesi, tena kidogo tu, wala usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ambayo hunyonya unyevu na kuleta kutu. Kuing'arisha upya, kwa maoni yangu, ni kuipunguzia thamani; ukibadilisha vibao vya mpini, vitunze vile vya asili.