MF 35 ya babu: kabla ya waya, amua dainamo au olteneta

Mkuu, umeuliza ile trekta ya babu yako, MF 35 (Massey Ferguson) ya dizeli, iliyolala Kigamboni, waya zimeliwa na panya, uzirudishe zote kama zilivyotoka kiwandani au fundi afumue aweke zake. Nimepitia hiyo kitu kwenye trekta ya mjomba kule Mkuranga, 35 hiyo hiyo, na nakwambia waya zinakuja baadae. Amua kwanza mtambo wa kuchaji betri, unabaki na dainamo ya zamani au unaweka olteneta ya kisasa.

Matrekta mengi ya Uingereza ya enzi hizo yalitoka na dainamo, na positivu ndo inafungwa bodi, kinyume na gari zetu za sasa. Angalia kebo nene iliyoshika bodi inatoka kichwa gani cha betri. Ukifunga olteneta ya kawaida huku positivu bado iko bodi unaunguza diodi zake za ndani papo hapo, kwa hiyo lazima ugeuze betri, negativu ndo ifungwe bodi. Stata haina neno, inazunguka upande ule ule. Mita ya ampea badilishia waya zake mbili isije ikasoma kinyume, na klampu za betri nunua mpya maana kichwa cha positivu ni kinene kuliko cha negativu.

Sisi tuliweka olteneta used ya gari ndogo, tuliitoa Gerezani, kule kwenye spea Dar. Dainamo ya Lucas ikijitahidi inatoa ampea 22 hivi, na injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole bila kukanyaga mafuta, haichaji kitu, sasa mjomba anarudi usiku na trela la mihogo, akipunguza mafuta tu taa zinakuwa kama kibatari. Olteneta inatoa 40 na zaidi na regyuleta ya kudhibiti chaji iko ndani, kile kiboksi cha zamani cha kazi hiyo kinaondoka na waya zake. Kilichotutesa ni breketi, maana puli ya olteneta lazima inyooke na ya krenki, la sivyo kila siku unanunua mkanda. Halafu kuna kale kataa kadogo ka chaji kwenye dashibodi, mafundi wengine wanakaruka wakidhani ni urembo, kumbe umeme wa kuamsha olteneta unapita humo. Balbu ikifa utaambiwa olteneta mbovu na utanunua nyingine bure.

Waya zenyewe sio nyingi. Dizeli hii ikishawaka haihitaji umeme kuunguruma, inabaki hasa stata, chaji, taa na honi, kwahiyo fundi akikuandikia limzigo la waya muulize za nini. Usikubali waya za nyumba zile za uzi mmoja mnene, mtikisiko unazikata ndani huku plastiki juu iko safi, utatafuta kosa mpaka uzeeke. Olteneta kwenda betri weka waya ya mil 6 (milimita za mraba), taa 2.5 inatosha, na kila laini ya taa na fyuzi yake. Kwa chumvi ya huko Kigamboni kwangua rangi chini ya kila ethi, pale waya inaposhika bodi, chuma king'ae, kaza, ndo upake grisi. Na ukishakuwa na olteneta usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma, ule mchezo wa kwenye dainamo uache kabisa.

Kama unataka ikae kama babu alivyoiacha, ya kupelekea Nane Nane watu wapige picha, bakiza dainamo na positivu yake bodi, siwezi kukubishia. Ila kama inaenda shamba mimi ni olteneta.

Usimruhusu fundi akate kitu kabla hujapiga picha kila waya na kuifunga karatasi imeandikwa inatoka wapi inaenda wapi. Tupia hapa picha ya dainamo na ya pale kebo inaposhika bodi tuone.