Maswali ya wasomaji: Chumba kisichoona jua

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma Guangzhou, China. Tangu Februari nimepanga chumba ghorofa ya pili. Kodi yake ni nafuu kuliko vyote alivyonionyesha dalali. Dirisha linatazama ukuta wa jengo la jirani, nikinyoosha mkono naugusa. Usiku nakabwa na jinamizi, kama mtu kanikalia kifuani, na asubuhi kichwa kinaniuma. Juu ya mlango, kwa nje, mpangaji aliyetangulia ameacha kioo kidogo cha pembe nane. Bibi wa mlango unaotazamana na wangu anasema chumba hiki kina yin nyingi, mizuka inakipenda. Ana maana gani? Na kioo nikitoe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla ya mizuka, inuka ukaangalie hita ya maji. Kama ni ya gesi, na bomba lake la moshi halifiki nje au limelegea, usiiwashe tena mpaka fundi aione. Gesi ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyohamia jumba la zamani ikawa inasikia nyayo usiku, watoto wamepauka, mimea inakufa ndani ya vyungu. Tanuri la kupasha nyumba joto lilikuwa bovu, moshi wake ukirudi ndani. Kwa hiyo hita kwanza, leo hii, halafu hospitali ukaeleze hicho kichwa.

Sasa tuje kwa bibi. Niliishi mji huo miaka tisa nikinunua vigae na mabomba ya bafu, na chumba changu cha kwanza kilikuwa pacha wa chako. Wenyeji huyaita majengo hayo majengo ya kupeana mikono, kwa kuwa watu wa madirisha mawili wanaweza kusalimiana bila kutoka ndani. Mwezi wa tatu, hewa ya joto yenye unyevu ilipokuja kutoka kusini, kuta zilitoka jasho na sakafu ikateleza kama imemwagiwa sabuni. Shuka niliyoifua Jumatatu, Alhamisi ilikuwa bado mbichi. Fundi viatu aliyekaa chini ya ngazi zetu alinitazama akaniambia yale yale uliyoambiwa wewe. Nilikasirika, nikadhani ananitisha ili nihame. Baadaye akanieleza vizuri.

Yin, kwa asili ya neno, ni ubavu wa mlima wenye kivuli, na yang ni ubavu unaopigwa na jua. Yin ni baridi, unyevu, giza, ukimya. Haina ubaya wowote mahali pake. Wachina huliita kaburi "nyumba ya yin", na nyumba tunayolala sisi "nyumba ya yang", na mtaalamu wa feng shui, elimu yao ya kupanga mahali pa kuishi na pa kuzikia, huitwa kuchagua mahali pa zote mbili. Basi nyumba ya walio hai ikishapoa, ikalowa, ikakosa jua na sauti za watu, imefanana na kaburi. Mzuka anayepita huingia kwa sababu anaona ni kwao. Mpaka leo sijasikia maelezo yaliyonigusa kuliko hayo.

Usimfananishe mzuka huyo na jini wetu. Wao humwita gui, na gui alikuwa mtu. Anayeogopwa hasa ni aliyekufa vibaya, au asiye na mtoto wa kumchomea ubani. Mwezi wa saba wa kalenda yao ya mwezi, karibu na tarehe kumi na tano, utaona watu wakichoma pesa za karatasi pembeni mwa barabara jioni. Wanawalisha hao wasio na mtu. Pita mbali kidogo, usikanyage majivu.

Kuna maandishi yao ya kale yanayotaja aina tano za upungufu wa nyumba, na ya kwanza ni nyumba kubwa yenye watu wachache. Nilipoelezwa hilo niliwakumbuka wazee wetu wa pwani, ambao hawaingii jumba lililofungwa miaka mingi bila kulifagia, kulifukiza ubani na kulisomea. Mengine utayasikia: wasipande mforsadi mbele ya nyumba, maana jina lake linasikika kama neno la msiba, wala mti wa willow nyuma, mlango usitazamane na ngazi au barabara iliyonyooka, kwa kuwa gui huenda moja kwa moja, hajui kukata kona. Ndiyo maana nyumba za zamani za Beijing zina ukuta mfupi nyuma ya lango.

Kuhusu kodi nafuu, muulize dalali wazi kama kuna mtu alikufa humo. Hong Kong nyumba iliyotokea mauaji hushuka bei, benki nyingine husita kuikopeshea, na wapo wanaoweka orodha za nyumba hizo. Lakini chumba chako ni rahisi kwa sababu hakina jua, mimi naona hivyo.

Jinamizi nao wanalo. Huliita "gui kukandamiza kitanda", na wanalieleza kama ulivyolieleza wewe: macho yanaona, mwili hausogei. Huja kwa mtu aliyechoka na anayelala saa zisizo na mpango, zaidi akilala chali. Lala ubavu. Weka taa kali, nunua mashine ya kukausha hewa hata kama ni ya mkono wa pili, pika humo, waite wenzako wale na wacheke. Fundi viatu angekuagiza hayo hayo.

Kioo usikitoe bado. Hicho huwekwa kurudisha mabaya yatokako mbele, na mbele yako ni mlango wa bibi. Yeye anakiona kila akitoka, kama kwamba mabaya yote ya chumba hicho yanatupwa kwake. Huenda ndiyo sababu iliyomfanya akusemeshe. Mpelekee machungwa, yasiwe manne, maana nne kwao inasikika kama kifo. Mpe kwa mikono miwili, umuulize kama angependa ukishushe.