Data za vitambuzi na kamera: zitumie wapi, uzilinde vipi

Umeuliza data za vitambuzi (vifaa vidogo vinavyopima joto, mtetemo au umeme) na kamera za ghalani zitaifaa nini biashara, na zilindweje. Anza na uamuzi mmoja unaotaka kuufanya vizuri zaidi. Mfano, mota ya jokofu ikianza kutetemeka au kula umeme kuliko kawaida, fundi aitwe kabla haijaungua. Data isiyobadilisha uamuzi wowote usiikusanye, maana utabaki na mzigo wa kuilinda bure.

Kwenye ulinzi ndiko wengi wanakolala. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka maelfu ya kamera na ruta kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, kisha ikazitumia kuizidi nguvu, kwa mafuriko ya maombi, kampuni ya Dyn iliyokuwa ikiwaelekeza watumiaji kwenye tovuti nyingi; Twitter na Netflix, zilizoitegemea, zikayumba. Basi badilisha nywila siku ileile ya kufunga kifaa, kiweke kwenye mtandao wake, mbali na kompyuta za uhasibu, na data isafiri ikiwa imesimbwa (imegeuzwa msimbo ambao mtu mwingine hawezi kuusoma). Kabla ya kununua, muulize muuzaji masasisho ya programu ya kifaa yatatolewa kwa miaka mingapi. Akibabaika, achana naye hata kama bei ni tamu.