Maswali yenu kuhusu Kinamasi cha Yala na Ziwa Kanyaboli

Makala yangu kuhusu Kinamasi cha Yala, pale mto Yala unapokaribia Ziwa Victoria katika kaunti za Siaya na Busia, yameleta maswali mengi kuliko nafasi niliyopewa. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Yala ni kinamasi au ni ziwa? Kila mtu anasema lake. (Msomaji, Eldoret)

Ni vyote viwili. Kinamasi kina ukubwa wa hekta zipatazo 17,500, na ndani yake mna maziwa madogo: Kanyaboli, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, Sare na Namboyo. Ukitokea nchi kavu unakutana kwanza na mashamba na nyasi zinazofurika masika, ambako yangeyange hufuata ng'ombe. Kisha yanaanza matete, halafu mafunjo yanayompita mtu mara mbili kwa urefu, na mengine hayakushika ardhi kabisa bali yanaelea. Mbele ya hayo ndipo kuna maji wazi, na huko utawakuta mnandi, mdiria na wavuvi.

Ziwa Kanyaboli lilitangazwa hifadhi ya kitaifa mwaka 2010. Sehemu kubwa ya kinamasi imebaki nje ya hifadhi hiyo, na hilo linanisikitisha, kwa sababu ziwa lenyewe linalindwa na mafunjo yaliyolizunguka. Jibu linalofuata litaeleza jinsi gani.

Mama yangu hutusimulia utamu wa samaki aitwaye ngege, wa zamani. Ni kweli bado wapo Kanyaboli? (Dada msomaji, Mwanza)

Wapo, dada yangu, na hao ndio sababu ya kwanza ya mimi kuandika habari za Yala.

Ninyi huko mnamwita sangara, sisi huku twamwita mbuta. Samaki huyu aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi. Alikula fulu, samaki wadogo wa aina nyingi, hadi baadhi yao wakatoweka duniani. Ngege na mbiru, ambao ni samaki wa asili wa ziwa letu, walibanwa pande zote: mbuta upande mmoja, nyavu zetu upande wa pili, na upande wa tatu sato wa Nile aliyeletwa kutoka kwingine na kugombania nao chakula na mazalio. Katika ziwa kubwa ngege akawa kama hayupo tena.

Kanyaboli, mbuta hakushika. Chini ya mafunjo maji ni meusi, yana kivuli, na mashina yanayooza humaliza hewa ya oksijeni. Mbuta anahitaji oksijeni nyingi, hawezi kupita humo. Fulu na samaki wengine wadogo wanavumilia zaidi, kwa hiyo hujificha pale pale ambapo adui yao hawezi kuwafuata. Mafunjo yale yamekuwa ukuta, na kila mfereji unaochimbwa kuyakata ni lango linalofunguliwa. Tangu miaka ya 1960, hekta zipatazo 2,300 za kinamasi zimekaushwa kwa ajili ya kilimo, na mipango ya kuongeza mashamba haijakoma.

Nawasihi pia wenye mabwawa ya samaki kandokando ya Yala: msiwaache sato wa Nile watoroke wakati wa mafuriko. Huzaliana na ngege, na kizazi cha ngege halisi kikishachanganyika hakuna namna ya kukirudisha.

Kwa nini tusiyafyeke mafunjo yote ili mbu wa malaria wapungue? (Mzee, Usenge)

Shikamoo mzee wangu. Nakuomba usifyeke. Mbu anayeeneza malaria zaidi kwetu hupenda vidimbwi vya kina kifupi vinavyopigwa na jua, mfano maji yanayotuama katika mitaro ya shamba. Chini ya mafunjo maji ni baridi, na mle mna samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu. Huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti walilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya asili na vile vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa, na mbu wa malaria walikuwa wengi zaidi kwenye nyumba za karibu na mashamba. Chandarua usikiache, lakini mafunjo si adui yako.

Kikundi chetu hukata mafunjo tufume mikeka na vikapu. Je, tunaharibu? (Akina mama, Bondo)

Hapana, mkikata kwa zamu. Mafunjo huchipuka kutoka kwenye shina lililolala chini, na baada ya miezi kadhaa yanakuwa marefu tena. Kateni yaliyokomaa, mwache eneo lile lipumzike, na msiguse ukanda unaopakana na maji wazi, kwa kuwa huo ndio unaozuia tope na mbolea za mashambani zisiingie ziwani. Kitu kinachoua kinamasi ni moto wa kiangazi. Huteketeza viota na wanyama wasioweza kukimbia, na kwenye sehemu zilizokauka hufika hadi kwenye mizizi. Anayewasha moto ili apate majani mabichi ya ng'ombe anaunguza na mikeka yenu.

Nzohe yupo Yala kweli? (Msomaji, Bungoma)

Yupo, ila swala huyu wa vinamasini si rahisi kumwona. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, ndiyo maana hukanyaga mafunjo yanayoelea bila kuzama. Akishtuka huingia majini na kubakiza pua tu juu. Anawindwa kwa mbwa na mitego, na moto humwondolea maficho.

Kwa kuwa uko Bungoma, nenda Saiwa, karibu na Kitale. Ni mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya, ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe hasa. Unatembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya miti.

Eti kamongo akizuiwa kupanda juu anakufa maji? (Mwanafunzi, Kakamega)

Ndiyo, mwanangu. Kamongo ni samaki mwenye mapafu, na akishakua matamvua yake hayamtoshi. Ni lazima apande juu avute hewa. Kwa sababu hiyo anaishi vizuri kwenye maji yaliyokosa oksijeni.

Nataka kumwona yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Nije Yala? (Msomaji, Kampala)

Usije kwa ajili yake. Nenda kwenye kinamasi cha Mabamba, karibu na Entebbe, kilichoingia mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ndege huyo humtafuta kamongo kwenye mifereji ya mafunjo, nawe utamtafuta yeye kwa mtumbwi.

Yala njoo kwa ajili ya ndege wadogo wasioishi popote ila kwenye mafunjo. Mmoja ana kifua chekundu kikali, mgongo mweusi na utosi wa manjano. Dume na jike huitikiana kwa sauti hadi unadhani ni ndege mmoja. Kodi mtumbwi wa mvuvi wa hapo hapo, ondokeni alfajiri, muambae ukingo wa mafunjo bila kuyaingia, maana ndimo vilimo viota.