Re: Nimemaliza Succession, nipeni muvi ya kuchekesha ila inauma

Mkuu, kama Succession umeshamaliza sizoni zote 4 na sasa unataka muvi ya kukuchekesha huku roho inauma, anza na The Banshees of Inisherin ya 2022, ya Martin McDonagh. Ni kisiwani huko Ireland, mwaka 1923, jamaa wawili wanakunywa pamoja kila siku, ghafla mmoja anamwambia mwenzake sitaki tena urafiki, hajamkosea chochote, kamchoka tu anataka muda wa kutunga muziki wake, na mwenzake asivyokubali anamtishia kila ukinisemesha najikata kidole, na huyo ni mpiga fidla! Ile sura ya Colin Farrell pale baa, nyusi zimepanda haelewi kosa lake, aisee unacheka halafu unanyamaza.

Ukiikubali tafuta In Bruges ya 2008, muongozaji yuleyule na Farrell na Brendan Gleeson (yule mpiga fidla) walewale, humo ni wauaji wa kukodiwa bosi kawaficha Ubelgiji. Kwangu bado Banshees iko juu.

Siriz cheki Severance, sizoni ya 2 imetoka 2025, ila simu weka mbali maana ukipitwa na dakika mbili tu umepotea.