Paundi, aunsi na tani kwenda kilo: pitia gramu kwanza

Dada uliyeuliza unga wa keki paundi 1 na aunsi 12 ni kiasi gani kwa vipimo vyetu, ni gramu 794 hivi. Paundi moja ina aunsi 16, jumlisha na hizo 12 unapata 28, zidisha kwa 28.35 ambazo ndo gramu za aunsi moja, basi. Usiandike 1.12 kwenye kikokotoo ukazidisha na 453.6, maana utapata gramu 508 na keki haitasimama kabisa, hiyo paundi 1 na aunsi 12 ni paundi 1.75.

Mi niko Tanga, ghala la mkonge, mizani ndo kazi yangu, na jambo nnalosisitiza sana ni kwamba usiruke toka kipimo kigeni kwenda kigeni kingine, shuka kwenye gramu au kilo kwanza afu ndo uende unakotaka. Paundi haina utata, tangu 1959 ni kilo 0.45359237 kamili. Tani ndo inaumiza watu jamani. Robota letu la mkonge kawaida ni kilo 250, manne yanafanya tani, lakini mteja wa nje akikuandikia tani tu muulize ipi, kwa sababu ya kwetu ni kilo 1000, ya kizamani ya Uingereza ni paundi 2240 yani kilo 1016, ya Marekani ni paundi 2000, kilo 907. Kwenye tani kumi tu, yetu na ya Marekani zinapishana kilo 930, hayo ni karibu marobota manne! Apate kujibu kwa maandishi kabla gari halijapakia.

Wale wa dhahabu, wadogo zangu wa Handeni, aunsi yenu ni nyingine, ina gramu 31.1, na bei ya dunia inatajwa kwa hiyo. Ukiigawa kwa 28.35 bei ya gramu inakuja juu karibu asilimia 10, mnagombana na mnunuzi bure. Sonara akisema tola, hiyo ni gramu 11.66.

Frasila ya wazee wetu wa pwani ilikuwa ratili (yani paundi) 35 hivi, karibu kilo 16.

Na kaka aliyeuliza debe ni kilo ngapi, debe ni ujazo, lita 20 hivi, la mahindi na la dagaa wakavu hayalingani hata kidogo, hapo weka mizani tu.