Maswali na Majibu: Giaboksi ya Otomatiki Inapoteleza

Swali, kutoka Mbale: Fundi, Toyota Wish yangu ya mwaka 2005, ya lita 1.8, ikipanda mlima wa Kapchorwa injini hunguruma na mshale wa mizunguko huruka kutoka 2,500 hadi 4,000, ilhali gari haliongezi mwendo. Gereji moja imeniambia ninunue giaboksi nyingine. Je, hakuna njia nyingine?

Jibu: Ndugu, huenda mwisho wake ukawa huo, lakini fundi anayetamka neno hilo kabla hajachomoa kijiti cha kupimia oili amekurukia mbali. Unachokieleza ni kuteleza kwa kweli, kwa sababu mizunguko inapanda bila magurudumu kufuata. Kama mshale ungetulia chini na gari likawa zito tu, ningekutuma ukakague breki zinazong'ang'ania au nguvu ya injini yenyewe.

Anza na oili. Endesha gari mpaka giaboksi ipate moto, liegeshe mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uache injini ikiwaka. Huku umekanyaga breki, pitisha lever kwenye gia zote taratibu, kisha uirudishe P. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kichovye tena, halafu usome alama za HOT, si za COLD. Watu wengi hupima injini ikiwa imezimwa, kama wanavyopima oili ya injini, na hapo kipimo hakina maana.

Oili ikiwa chini, mlima ndio hutoa siri: gari likiinuka, oili iliyobaki hukimbilia upande mmoja wa sampo, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, pampu huvuta hewa, shinikizo hushuka, na bamba za klachi zilizo ndani hukosa nguvu ya kuzibana. Zikiteleza zikiwa hivyo, huungua. Tena oili ya giaboksi hailiwi kama ile ya injini, kwa hiyo ikipungua ujue inavuja. Kagua sili za ekseli, gasketi ya sampo na mipira inayopeleka oili kwenye redieta.

Angalia rangi pia. Nyekundu inayong'aa ni nzuri. Hudhurungi inataka kubadilishwa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi zimekwisha kuumia. Ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa waridi, maji yameingia, mara nyingi kupitia redieta, na hapo usiwashe gari tena kabla ya kulitengeneza.

Oili ikiwa kamili na safi, omba mashine ya kusoma hitilafu. Msimbo P0730 unasema gia haizunguki kwa uwiano unaotakiwa. Misimbo inayoanzia P0750 hugusa solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zinazoelekeza oili, ambazo kwenye magari mengi hubadilishwa kwa kufungua sampo tu, bila kushusha giaboksi. Sampo ikifunguliwa, simama hapo hapo uangalie sumaku zake: tope laini la kijivu ni la kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyokwaruza vidole ni dalili kwamba kazi ni kubwa.

Jambo moja zaidi. Akitokea fundi wa kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja ili kupima klachi, asizidishe sekunde 5. Nimeona wanaoshikilia mpaka moshi utoke. Huko si kupima.

Swali, kutoka Arua: Nimeambiwa nisibadilishe oili kuukuu ya giaboksi, kwani gari litakufa papo hapo. Ni kweli?

Jibu: Mama, oili mpya haiui klachi nzima. Kinachotokea ni kwamba gari huletwa likiwa limekwisha anza kuteleza, oili hubadilishwa, na oili ndiyo hulaumiwa. Ikiwa gia zako bado zinashika vizuri, mwaga kwa kufungua nati ya chini na ujaze kiasi kile kile kilichotoka, kisha urudie baada ya kutembea kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya oili hubaki ndani. Usikubali kusukumiwa oili kwa mashine ya presha katika giaboksi kuukuu.

Swali, kutoka Busia: Oili yoyote nyekundu inafaa CVT?

Jibu: Hapana. CVT ni giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua; huendeshwa na mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na oili ya T-IV au WS, ya giaboksi za otomatiki za kawaida za Toyota, haina sifa za kuushika mkanda huo. Toyota hutaka CVT TC au FE. Nissan NS-2 au NS-3. Soma kitabu cha gari.

Swali, kutoka Kampala: Giaboksi yangu imeshindikana. Nikienda soko la vipuri la Kisekka kununua iliyotumika, niangalie nini?

Jibu: Nenda na namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha gari lako, kwani giaboksi mbili zinaweza kufanana kwa nje na zikatofautiana soketi za umeme. Chovya kijiti, nusa. Patana kwa maandishi kuhusu siku za kuirudisha ikikataa. Gereji, wasafishe kipoza oili na mipira yake kabla ya kufunga, la sivyo uchafu wa giaboksi iliyokufa utaingia katika hii. Hakikisha pia kwamba konveta, kile kipande cha mviringo kati ya injini na giaboksi, imeingia yote kwenye pampu na inazunguka kwa mkono kabla ya bolti kukazwa; ikibaki nje kidogo na bolti zikavutwa kwa nguvu, pampu huvunjika siku hiyo hiyo.

Swali, kutoka Masaka: Gari limekataa kusonga kabisa. Nilivute kwa kamba mpaka gereji?

Jibu: Usilivute magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, kwa sababu injini ikizimwa pampu haizunguki na giaboksi hukauka. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele. Linaloendeshwa na magurudumu manne, kama Subaru Forester, lipakiwe lote juu ya lori.